Mpango Kwanza, Magari Baadaye

Tangu tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipogeuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima kwa agizo la Rais John Magufuli, wananchi wa miji yetu wamezoea kushika mafagio, majembe na mafyekeo kila inapotimia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hapa Sumbawanga nasi hatukubaki nyuma. Tumefyeka majani Mazwi, tumezibua mitaro Katandala, tumeokota mifuko na makopo Majengo na Izia. Viongozi wa Chama na Serikali wamesimama mstari wa mbele, fulana mwilini na kofia kichwani, na picha zimepigwa. Hilo ni jambo jema, wala hatuna nia ya kulibeza.

Lakini yafaa tujiulize swali moja ambalo hatujazoea kujiuliza mbele ya watu. Lile rundo tunalolikusanya kwa jasho kandokando ya barabara siku ya Jumamosi, linakwenda wapi? Mara nyingi Jumatatu hulikuta palepale. Jumatano mbuzi na mbwa wamekwisha kulichambua. Ijumaa mvua imelisukuma na kulirudisha ndani ya mtaro uleule tuliouzibua. Mwezi unaofuata tunalifagia tena, kwa moyo uleule na kwa hotuba zilezile. Kiangazi nacho huleta suluhisho lake: kiberiti. Rundo huwashwa moto, na moshi wa plastiki huingia katika nyumba walimolala watoto wachanga na wazee wenye pumu.

Ndugu wasomaji, fagio haliondoi taka mjini. Fagio huhamisha taka kutoka mlangoni kwetu hadi mlangoni kwa jirani. Kinachoondoa taka mjini ni mpango: mpango uliopimwa kwa mizani, ukachorwa na mhandisi, ukatengewa ardhi na ofisa mipango miji, ukapewa fedha na Baraza la Madiwani, na ukajulikana kwa mwananchi wa kawaida mtaani. Ndiyo hoja yetu leo. Tunasema mpango uje kwanza, na magari yafuate baadaye.

Wapo watakaotwambia kwamba taka ni jambo dogo, kazi ya bwana afya na vibarua wake. Tunawaomba watazame hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta katika Manispaa ya Sumbawanga watu zaidi ya 147,000. Sensa ya 2012 ikakuta zaidi ya 209,000. Sensa ya 2022 imekuta zaidi ya 300,000. Yaani katika miaka ishirini tumeongezeka mara mbili na zaidi. Mtoto aliyezaliwa wakati wa sensa ile ya kwanza sasa anajenga nyumba yake, naye ana taka zake.

Tena taka zenyewe si zile za zamani. Kabla ya barabara ya lami kutoka Tunduma kukamilika, bidhaa nyingi zilifika Ufipa kwa shida, na kilichotoka jikoni kilikuwa majivu, magunzi, maganda ya maharage na mifupa. Vyote hivyo ardhi ilivijua na kuvipokea. Barabara ile ni neema kubwa, na hakuna Mfipa mwenye akili timamu atakayeomba ifungwe. Lakini lori linaloleta mafuta ya kula huleta pia madumu; linaloleta maji na soda huleta chupa za plastiki; linaloleta nguo na vyombo huleta maboksi na mifuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na hatua ile ilisaidia sana. Hata hivyo chupa, vifungashio, nepi za watoto, betri na simu zilizokufa zinaendelea kupanda huku juu kila siku, wala haziozi. Mali hupanda Ufipa na kushuka Ufipa, bali ganda lake hubaki.

Yafaa tukumbuke kwamba elimu ya kushughulikia masalia si kitu kigeni kwetu, tukipokee kama zawadi kutoka ng'ambo. Wazee wa uwanda huu walilima kwa matuta yaitwayo intumba. Mwishoni mwa masika walikata nyasi, wakazifukia chini ya udongo, wakajenga kichuguu cha mviringo, wakapanda maharage juu yake, na nyasi zikaoza taratibu zikawa mbolea. Msimu uliofuata tuta lilitandazwa, ulezi ukapandwa mahali palepale. Hakuna kilichotupwa. Wazee haohao walijenga malungu, zile tanuri ndefu za kuyeyushia chuma zinazoonekana bado hapa na pale katika nchi yetu. Na yeyote aliyeitazama moja kwa makini ataona kwamba aliyeijenga alipima kwanza upepo, udongo, kuni na mawe ya chuma kabla ya kuwasha moto. Huo ulikuwa uhandisi. Mababu zetu hawakuwasha tanuri kwanza ndipo waulize mawe yatatoka wapi. Sisi wajukuu tunanunua gari la taka kwanza, ndipo tuulize zikamwagwe wapi.

Sasa tufanye hesabu ya ubaoni, ambayo mwanafunzi yeyote wa darasa la saba anaiweza. Tuchukulie, kwa ajili ya mfano tu, kwamba watu 200,000 wa manispaa yetu wanaishi katika mitaa ya mjini hasa, na kwamba kila mmoja hutoa nusu kilo ya taka kwa siku. Hizo ni tani 100 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Gari libebalo tani tano litahitaji safari ishirini. Ikiwa jaa liko mahali panaporuhusu gari moja kwenda safari nne kwa siku, yatatakiwa magari matano yanayotembea kila siku bila kuharibika. Ikiwa jaa limewekwa mbali, au njia yake inageuka tope wakati wa masika hata gari likaweza safari mbili tu, yatatakiwa magari kumi kwa kazi ileile. Na ikiwa nusu ya taka, yaani zile zinazooza, zinabaki nyumbani na sokoni zikafanywa mboji, tani zinazosafirishwa zitakuwa 50, na magari matatu yatatosha.

Basi tazama: magari matatu, au matano, au kumi. Tofauti hiyo haikuletwa na bidii ya dereva wala ukali wa mkurugenzi. Imeletwa na uamuzi wa mpango: jaa liwe wapi, barabara yake iweje, na taka zitenganishwe wapi. Baraza linalonunua magari kabla ya kujibu maswali hayo ni sawa na mtu anayenunua viatu kabla ya kujua ukubwa wa mguu. Na ikumbukwe kwamba gari halili mara moja. Linataka dizeli, matairi na vipuri kila mwezi. Miji mingi imewahi kushangilia magari mapya kwa ngoma na vigelegele, na miaka michache baadaye magari hayo yakawa yamelala uani, majani yakiota katikati ya magurudumu.

Pengine msomaji atauliza: huyo mhandisi na huyo ofisa mipango watafanya nini ambacho sisi hatukijui? Tutataja kazi zao kwa lugha nyepesi.

Kwanza, watapima. Watachukua mizani, wakae wiki nzima wakati wa kiangazi na wiki nyingine wakati wa masika, wapime taka za nyumba za kipato cha chini, za watu wenye uwezo, za soko, za hoteli na za mama ntilie. Taka za masika ni nzito kwa sababu zimelowa; taka za wakati wa mavuno si sawa na za Februari. Bila vipimo hivyo, kila tarakimu tunayoitaja, pamoja na hizi zetu za juu, ni ya kukisia.

Pili, watachora njia. Wataonyesha vituo vya kukusanyia viwe wapi ili mama asitembee mwendo mrefu na ndoo kichwani akakata tamaa na kuimwaga korongoni; mitaa ipi gari linaingia na ipi inahitaji mkokoteni; na gari lipite siku gani na saa ngapi.

Tatu, watatafuta mahali pa jaa. Watachimba mashimo kujua aina ya udongo na kina cha maji ya ardhini. Watatazama upepo unavumia wapi, mteremko unaelekea wapi, na kijito gani kiko chini yake. Watakumbuka pia uwanja wa ndege, maana jaa hukusanya ndege wa porini, na ndege hao ni hatari kwa ndege za abiria.

Nne, watalijenga. Jaa la kisasa si shimo tu. Chini yake hutandikwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, au utando wa plastiki nene, ili maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka yasizame katika visima. Mabomba huyakusanya maji hayo na kuyapeleka katika bwawa la kuyasafisha. Taka hushindiliwa kwa katapila na kufunikwa kwa udongo, ili nzi, panya na moto visipate nafasi. Gesi inayozaliwa ndani hutengenezewa njia ya kutokea. Mlangoni huwekwa mizani ya magari na mtu wa kuandika. Sindano na bandeji za hospitali haziingii hapo kamwe. Zina tanuri lake.

Tano, watatuambia bei, si ya kujenga peke yake, bali ya kuendesha kwa miaka ishirini na ya kulifunga jaa likijaa.

Umuhimu wa kazi hizo tano unaonekana vizuri zaidi pale zilipokosekana, na hatuhitaji kwenda mbali kupata mifano.

Jijini Dar es Salaam, taka za mji zilikuwa zikimwagwa Tabata, katikati ya makazi ya watu. Mwaka 1988 wakazi walikwenda mahakamani kulishtaki Jiji. Mahakama Kuu iliamuru Jiji likome na litafute mahali pengine. Jiji likaomba muda, na muda ulipokwisha likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda, akaeleza kwamba kuwavutisha watu moshi na uvundo ni kuhatarisha haki yao ya kuishi, inayolindwa na Ibara ya 14 ya Katiba. Jiji likahamia Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi mia saba na zaidi wakafungua kesi mwaka huohuo, nao wakashinda. Taka zikapelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, hatimaye Pugu. Mji mkubwa kuliko yote nchini, wenye wasomi na wahandisi kuliko mji mwingine wowote, ulizunguka na uchafu wake kama mtu aliyebeba maiti asiyejua makaburi yako wapi. Sababu ni moja: viwanja vya nyumba vilipimwa, lakini kiwanja cha taka hakikutengwa mapema.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Jaa la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, lilifunguliwa mwaka 1996 likiwa limejengwa kitaalamu. Lakini mji ulikua, taka zikaongezwa juu ya taka, nyumba zikasogea hadi mguuni pa mlima ule, na onyo likawa maneno tu. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima huo uliporomoka ukafukia nyumba na watu waliokuwamo. Zaidi ya 30 walikufa. Kabla ya hapo, tarehe 11 Machi 2017, jaa la Koshe mjini Addis Ababa liliporomoka na kuua watu zaidi ya 110. Wengi wao walikuwa maskini waliojenga pembeni yake na wanawake na watoto waliokuwa wakiokota chochote cha kuuza. Tunajifunza kwamba kumwita mhandisi siku ya kwanza na kumsahau siku ya pili ni hatari sawa na kutomwita kabisa.

Sumbawanga bado ina bahati ambayo Tabata haikuwa nayo na Kiteezi imeipoteza. Mji wetu bado una ardhi pembezoni mwake. Lakini bahati hiyo ina muda. Kila mwaka viwanja vinapimwa, kila mwaka mashamba yanageuka mitaa. Ardhi ya jaa isipotengwa leo kwenye ramani, ikawekewa mipaka na ukanda wa miti, kesho itakuwa na nyumba, shule na msikiti, na sisi tutakuwa tunawafukuza watu au kuwafukiza moshi.

Liko jambo jingine ambalo watu wa uwandani hatuna budi kulitia moyoni. Sisi tunaishi juu. Maji yetu hayakai kwetu. Yatokayo upande mmoja huteremka kuelekea Ziwa Tanganyika. Yatokayo upande mwingine hushuka Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa. Na Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Kila kinachoingia humo kwa maji hubaki humo. Mvuvi wa bondeni na mkulima wa mpunga wa Muze hawana diwani katika baraza letu la manispaa, hawapigi kura kuhusu mahali pa jaa letu, lakini mteremko unawaunganisha nasi. Chuoni tulipoanzia kusoma, kabla ya kuingia shule ya serikali, mwalimu alitufundisha sura za tohara mwanzo kabisa, na moja ya adabu zake ni kutochafua maji ambayo mwingine atayatumia. Makanisani nako wanafundishwa kumpenda jirani. Jirani yetu wa kwanza, katika jambo hili, ni yule anayekaa chini yetu.

Tunajua jibu litakalotolewa: manispaa ni maskini, na wataalamu ni ghali. Tunalipokea jibu hilo kwa heshima, lakini hatulikubali lote. Kwanza, kukosa mpango nako kuna gharama. Baada ya Serikali kuhamishia madaraka mikoani mwaka 1972, halmashauri za miji ziliondolewa. Huduma za miji zikadorora, kipindupindu kikaingia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka tena na kuenea nchi nzima. Gharama ya dawa, ya vifo na ya siku za kazi zilizopotea haikuandikwa katika bajeti yoyote, lakini wananchi waliilipa.

Pili, utaalamu si lazima uwe wa anasa. Huko Fukuoka, Japani, katika miaka ya 1970, wataalamu walibuni namna ya kujenga jaa kwa mabomba yaliyotobolewa na kuzungushiwa mawe, ili maji yatoke na hewa iingie, taka zioze upesi na maji yake yapungue ukali. Namna hiyo haihitaji mitambo mingi, na imetumika katika nchi za Afrika, pamoja na kulitengemaza jaa la Koshe baada ya maafa yale. Mawe hatukosi. Mabomba yanatengenezwa nchini. Kinachotakiwa ni mtu anayejua kuyapanga.

Na watu hao tunao. Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha wahandisi wa mazingira na wapanga miji wa nchi hii. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko hapo Mbeya, safari ya siku moja. Vijana wao wanahitimu kila mwaka, na wengine ni watoto wa Rukwa wanaozunguka na vyeti wakitafuta kazi. Miradi mikubwa ya kuendeleza miji, kama ule uitwao TACTIC unaoihusisha miji 45, Sumbawanga ikiwemo, huja na wataalamu washauri wake. Tuwapokee vizuri. Lakini ripoti ya mshauri aliyekuja kwa ndege na kuondoka kwa ndege, ikawekwa kabatini katika lugha ambayo diwani haisomi, si mpango wa Sumbawanga. Mpango ni ule ambao mwenyekiti wa mtaa anaweza kuueleza mbele ya mkutano wa hadhara na kujibu maswali.

Kuhusu taka zinazooza, hapo ndipo Ufipa ingeweza kuwafundisha wengine. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na mji wa Hamburg wa Ujerumani, ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kinachopokea taka za masoko. Ikiwa Dar es Salaam, ambako mkulima yuko mbali, wameona faida hiyo, sisi tuliozungukwa na mashamba ya mahindi, maharage, ngano na ulezi tunangoja nini? Kila msimu mkulima wetu analalamikia bei ya mbolea ya dukani, na kila siku soko letu linatupa mbolea. Aliyejenga intumba hakuhitaji kuambiwa hivyo mara mbili.

Wala tusiwasahau wanaoifanya kazi yenyewe. Wanaozoa taka, wengi wao akina mama wanaolea watoto peke yao, hushika kwa mikono mitupu kile ambacho sisi hatutaki hata kukitazama. Mpango usiotaja glavu zao, viatu vyao, bima yao na mshahara wao kwa wakati si mpango wa nchi inayojiita ya watu walio sawa. Vijana wanaookota chupa na vyuma chakavu nao si wezi wala vichaa; wanapunguza mzigo wa magari yetu bila kulipwa na halmashauri. Wapewe mahali pa kufanyia kazi, watambuliwe.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka wajibu wa taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa, ikahimiza taka zitenganishwe pale zinapozaliwa, na ikadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi wa namna hii. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaeleza jinsi ardhi ya mji inavyopangiwa matumizi. Kwa hiyo hatuombi jambo jipya. Tunaomba lile lililokwisha kupitishwa litendeke, na tunayaweka madai yetu wazi.

Kwanza, Baraza la Madiwani liwaeleze wananchi, kwa maandishi yatakayobandikwa katika kila ofisi ya kata, mpango wa taka wa manispaa ukoje: tani ngapi, magari mangapi, jaa wapi, kwa miaka mingapi. Kama upo, usomwe. Kama haupo, isemwe hivyo, na uandaliwe kabla ya kununua gari jingine lolote.

Pili, ardhi ya jaa la miaka ishirini ijayo itengwe kwenye ramani sasa, baada ya kupimwa udongo na maji yake, na baada ya kuwasikiliza wanaoishi karibu na walio chini ya mteremko.

Tatu, utenganishaji wa taka zinazooza uanze sokoni, ambako ni rahisi kuusimamia, ndipo uende majumbani.

Nne, ada ya taka anayolipa mwananchi itumike kwa taka, na hesabu yake isomwe pamoja na hesabu nyingine za mtaa. Mwananchi hakatai kulipa. Anakataa kulipa na rundo libaki.

Na sisi wa Chama tujisahihishe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kuzunguka redio, wakajifunza, kisha wakachimba vyoo. Waliomaliza somo waliacha choo kilichosimama, kitu cha kuonekana na kutumika. Kampeni zetu za leo zinaacha picha. Kiongozi asihesabiwe kuwa hodari kwa sababu alishika fagio Jumamosi asubuhi. Ahesabiwe kwa kuuliza, Jumatatu, katika kikao, rundo lile limekwenda wapi. Na akijibiwa kwamba gari limeharibika, aulize tena kwa nini mji wa watu 300,000 unategemea gari moja. Maswali hayo hayapigiwi makofi, lakini ndiyo uongozi.

Wageni wanaofika hapa hupenda kuuliza maana ya jina la mji wetu, nasi huwajibu kwa fahari kwamba wazee walisema: tupa uchawi, ndipo uingie. Mji wetu, basi, ulipewa jina kwa tendo la kutupa. Lakini waliosema hivyo hawakumaanisha kwamba mtu autupe uchawi wake mlangoni kwa jirani. Walimaanisha auache kabisa, usimdhuru mtu yeyote tena. Na taka zetu tuzifanyie vivyo hivyo.